Kasha Chini ya Kiti cha Mwenyekiti

Akaale ni mwoga. Nalisema mapema ili wale wanaomjua kwa picha tu, mwanamke aliyesimama kando ya paneli za sola na kofia yake ya njano, wasinikatize njiani. Nimesoma naye Kaikor tangu tukiwa wadogo, tukalala kitanda kimoja bwenini, na ninajua anachoogopa. Nyoka hamtishi, na hata milio ya bunduki iliyokuwa ikituingiza uvunguni haikumliza kama ilivyotuliza sisi wengine. Akaale anaogopa mtu mzima kumnunia. Ukimkunjia uso, hali, halali, anakuzungukazunguka mpaka ucheke. Kwa mwanafunzi hiyo ni tabia ya kuchekesha. Kwa mwenye kampuni, nimeona kwa macho yangu mawili, inaweza kuua watu.

Mimi ni Akeno, mwenye hoteli ile yenye paa la majani ya mkoma upande wa mtoni, hapa Lodwar. Nyuma ya jiko nina chumba kirefu ambacho makanisa na vyama hukodi. Bodi ya kampuni ya Akaale ilikuwa ikikutana humo, kwa sababu ofisi yao ni kichumba ambacho ukiingiza watu watatu wa nne anabaki mlangoni. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona nikiwa na birika mkononi. Ambayo sikuyaona alinieleza mwenyewe baadaye, akilia.

Chanzo cha woga wake ni ngamia. Ukame mmoja ulipita ukachukua mbuzi wote wa baba yake, kisha baba mwenyewe akaanguka na maradhi akafa. Mama akabaki na watoto na zizi tupu. Ndipo akaja Mzee Ekal, rafiki wa baba yake, akiswaga ngamia jike mwenye maziwa, akamfunga mlangoni pao, akanywa maji, akaondoka bila hotuba. Baadaye akalipa na karo ya Akaale. Kila asubuhi mama yake alimwambia maneno yale yale: usimuudhi Apa Ekal, akitukasirikia sisi hatuna mtu. Apa kwetu ni baba. Akaale alikunywa maneno hayo pamoja na maziwa, na mpaka leo hayajamtoka.

Nieleze kidogo, maana msomaji wa Mombasa hatajua. Kwetu mali ya mtu haiko zizini kwake tu, iko pia zizini mwa rafiki zake. Leo unampa mwenzako mnyama, mwaka mbaya ukikufika unakwenda kwake naye anakupa. Mnyama anakwenda, mnyama anarudi, na kuanzia hapo nyinyi ni ndugu. Na ndugu wa namna hiyo hawaaibishani mbele ya watu. Ukiwa na neno naye unalimeza, au unampelekea nyumbani kwake polepole, mkiwa wawili. Ni desturi nzuri. Imetuvusha miaka ambayo serikali haikujua kama tupo. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya kuendesha kampuni ya betri.

Maana kampuni yenyewe ni ya betri. Akaale alisomea umeme, akaajiriwa na shirika moja Kakuma, na huko akakutana na Didace, fundi kutoka Burundi aliyeingia kambi ya wakimbizi akiwa kijana na ambaye mpaka leo hawezi kutoka Kakuma bila kibali. Wawili hao wakaanza kuunda makasha. Kasha ni betri kubwa ndani ya sanduku lenye ukubwa wa begi la shule. Linachajiwa kwenye kituo chao cha sola, kinyozi analikodi, au mama wa saluni, au mwenye duka la soda baridi, na likiisha chaji analirudisha na kuchukua jingine. Watu walilipenda mno. Jenereta zikaanza kunyamaza Kakuma, na wenye masikio wakashukuru.

Likaja shirika la uwekezaji la Nairobi, kwa sura ya dada mmoja mwembamba anayeongea haraka. Akasema atatia mtaji, lakini kwanza kampuni iwe na bodi. Nilikuwa namwekea chai aliposema, na maneno yake niliyashika vizuri: "Tafuta watu wanaojua usichokijua. Na angalau mmoja awe mtu anayeweza kukwambia hapana, na wewe usimchukie."

Akaale akaitikia kwa kichwa. Alisikia bodi, akaelewa watu wetu.

Mwenyekiti akawa Mzee Ekal, ambaye amestaafu kazi ya serikali na anajua kuendesha mkutano mpaka kuku wanyamaze. Wa pili Esekon, mfanyabiashara wa malori ya Lokichoggio, mcheshi, mwenye watu kila mji. Wa tatu Didace. Wa nne Akaale mwenyewe. Wa tano ilibidi awe mteja, maana yule dada wa Nairobi alishikilia, basi akaitwa Sylviane, Mkongo mwenye saluni Kakuma, mjane mwenye watoto na ulimi. Halafu Akaale akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Nairobi angelifikiria: akampelekea kila mjumbe mbuzi.

Mzee Ekal akarudisha kondoo. Esekon akarudisha mbuzi aliyenona kuliko wa kwanza. Didace wa watu akahangaika Kakuma nzima akapata naye wa kurudisha. Sylviane alichinja, akapika na sombe, kisamvu cha kwao, akala na watoto wake na majirani, akatuma picha ya sufuria na maneno ya shukrani. Kwao hakuna habari ya mnyama kurudi, alidhani ni zawadi ya Pasaka. Akaale alikuja kwangu amenyong'onyea.

"Akeno, huyu mama hatupendi?"

"Amekula mbuzi wako akashiba," nikamwambia. "Unataka akupende vipi tena?"

Nilicheka siku hiyo. Sikuona kwamba rafiki yangu alikuwa amejenga bodi ya watu ambao hawawezi kukatazana, na kwamba aliyebaki nje ya kamba ile ni mmoja tu.

Mikutano ilikwenda laini kama mafuta. Mzee Ekal anasema kwanza, kama inavyopasa mkubwa. Esekon anasema, "Naunga mkono Mzee." Didace anaunga mkono. Akaale anaandika, uso umemtulia. Sylviane akiuliza swali, Mzee anamtazama kwa upole na kumwambia, "Mama, hilo tumeshapita." Chai yangu ilikuwa haijapoa wanaanza kuagana. Yule dada wa Nairobi alisifu kwamba hajawahi kuona bodi yenye umoja hivyo, naye alisoma sana, kwa hiyo nani angembishia?

Katika umoja huo huo Esekon akaleta habari ya betri mpya. Shemeji yake ameanza kuziingiza, bei yake nzuri, tena anaweza kuzifikisha mpaka mlangoni. Didace aliomba muda azipime kwanza kwenye joto letu. Mzee akasema Esekon ni mtu wetu, hawezi kutuletea kitu kibaya. Likapita. Hakuna aliyeuliza kama ni sawa mjumbe kuuzia kampuni mali ya shemeji yake kisha akae apige kura. Hapa kwetu kuuliza swali kama hilo ni kumtukana mtu.

Makasha mapya yakaingia Kakuma, Kalobeyei, na machache hapa Lodwar. Kisha ukaja msimu wa joto, ule ambao hata mbwa wanatafuta kivuli cha nguzo.

Siku moja Didace akampigia Akaale. Alikuwa amefungua kasha moja lililorudi, akakuta betri ndani zimeumuka kama maandazi, zimebonyeza kifuniko. Akafungua la pili. Vile vile. Akamwambia kwamba betri ikifika hapo inaweza kushika moto bila kuguswa, na moto wake haukubali maji, na moshi wake ni sumu. Akamwambia na jambo jingine ambalo Akaale alilijua bila kuambiwa: makasha yale yako kwenye nyumba za watu, na watu wanalala nayo.

"Tuyakusanye yote," Didace akasema. "Leo."

Akaale akasema, "Ngoja kikao kipite."

Najua mnavyomfikiria, hata mimi nilimfikiria hivyo. Lakini nendeni naye polepole. Kukusanya makasha ni kusema mbele ya watu kwamba Esekon alileta mali mbovu, na kwamba Mzee Ekal aliipitisha kwa mdomo wake. Kikao kilikuwa karibu, na ajenda yake ilikuwa kupanuka hadi Kaikor na Kaaleng. Alijiambia atamnong'oneza Mzee kikao kikiisha, wakiwa wawili, kama desturi inavyotaka. Alijiambia ni siku chache tu. Didace hakubishana. Mkimbizi hupima maneno mara mbili, na kampuni ile ndiyo iliyompa jina la mkurugenzi badala ya namba ya kambini. Akanyamaza, akaanza kuyabadilisha kimyakimya yale yaliyorudi kuchajiwa. Yasiyorudi yakabaki yalipo.

Siku hizo Akaale alikuwa anakuja kwangu mchana, anaagiza chakula, anakitazama. Simu ikilia anaruka. Nilidhani ni malaria nikamchemshia tangawizi. Baadaye aliniambia alikuwa akifumba macho anaona pazia la saluni linawaka, nyuma ya pazia watoto wamelala, na yeye anajaribu kupiga kelele lakini mbele yake amekaa Mzee Ekal, na haifai kupiga kelele mbele ya Mzee Ekal.

Siku ya kikao nilifagia chumba, nikapanga viti, nikawasha jiko la mkaa pale mlangoni kwa ajili ya chai. Mzee Ekal alifika wa kwanza na fimbo yake na kigoda chake, lakini kwa heshima ya bodi akakaa kwenye kiti. "Ejok," akanisalimu. "Ejok, Apa." Didace kibali chake kilikuwa hakijatoka, kwa hiyo simu ya Akaale iliwekwa katikati ya meza, yeye akiwa upande wa pili, Kakuma. Tukasikia gari. Esekon alikuwa ametoka Lokichoggio, na njiani alimpitia Sylviane, ambaye kibali chake kilikuwa kimetoka.

Sylviane aliingia anahema, kilemba kimelegea, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge.

"Mama Akaale, hii kitu yenu naleta mwenyewe," akamwambia Akaale. "Nalienda ofisi ya Kakuma, Didace hakukuwa, banasema ngoja. Nalirudi tena, banasema ngoja kikao. Bon. Kikao ndio hii." Akakifungua kitenge. "Angalia kile tumbo iko nayo! Sanduku imepata mimba!"

Esekon akacheka kwa sauti. "Na mimi nilimbeba kwa gari yangu, yeye na mimba yake, ikiwa miguuni njia nzima!"

Hata Mzee alitabasamu. Meza ilikuwa imejaa vikombe, kwa hiyo Sylviane alilisukuma kasha chini, kando ya mguu wa meza, na likateleza mpaka likakaa chini ya kiti cha mwenyekiti. Mimi nilikuwa napepea mkaa. Nilisikia harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, nikadhani ni mikono ya Sylviane.

Nikamtazama Akaale. Sijawahi kuona mtu amekuwa hivyo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na macho yake yalikuwa kwenye miguu ya Mzee, kwenye ndara zake za matairi, na kasha likiwa katikati yake.

Mzee Ekal alifungua kikao kwa sala. Ilikuwa sala ndefu, ya kushukuru mvua ambayo haikuja na kuiombea ile ijayo, na sisi sote tumeinamisha vichwa isipokuwa Akaale. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anasikiliza. Didace alimweleza kwamba kabla ya kuwaka inaweza kutoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta mate kwenye meno. Alikuwa anasikiliza mlio huo katikati ya maneno ya Mungu.

"Amina," tukasema.

"Ajenda ya kwanza," Mzee akasema. "Kaikor na Kaaleng. Mimi maoni yangu ni kwamba twende. Watu wetu wamekaa gizani vya kutosha."

"Naunga mkono Mzee," Esekon akasema.

Ilikuwa zamu ya Didace, na simu haikusema kitu.

"Didace?" Mzee akaita.

"Niko, Mzee," ikajibu simu, na tena ikanyamaza.

Akaale akasimama. Kiti chake kikaanguka nyuma. "Tokeni," akasema. Sauti ilitoka ndogo, hata haikuwa sauti yake. "Tokeni nje wote. Akeno, ondoa jiko. Apa, simama."

Nililibeba jiko kwa mikono miwili bila kuuliza, maana nilimjua. Esekon alisimama nusu. Sylviane alishaanza kuelekea mlangoni, mtu aliyekimbia vita haulizi mara mbili. Mzee Ekal hakusimama. Alimtazama msichana aliyemlisha kwa ngamia wake, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, na kisigino chake kikagonga kasha.

"Unanifukuza, Akaale?"

Ndiyo sura ile. Ndiyo sura aliyoikimbia maisha yake yote, sasa iko mbele yake, mchana kweupe, mbele ya watu. Nami niliogopa kwa ajili yake, nikasahau kujiogopea mwenyewe.

"Betri alizoleta Esekon ni mbovu," akasema. "Zinaumuka. Zinaweza kuwaka. Ulizipitisha, Apa, na mimi niliandika. Iko chini yako moja. Nakuomba usimame."

"Umenivua nguo mbele ya watu!" Esekon akafoka. "Ungeniita pembeni, dada! Mimi na wewe si tumepeana mnyama?"

Akaale aliinama, akapiga magoti kwenye sakafu, akaingiza mikono kati ya miguu ya Mzee na kulivuta kasha polepole kama anayetoa yai chini ya kuku. Akalibeba kifuani akatoka nalo, akapita jikoni kwangu, chini ya paa langu kavu la mkoma, mpaka uani kwenye mchanga. Akachimba kwa viganja. Nilimsaidia. Tulilifunika mpaka chini ya kifuniko, tukarudi nyuma, tukangoja.

Halikuwaka. Lilikaa tu pale mchangani na kifuniko chake kilichobinuka. Esekon alitoka akalitazama, akashika kiuno.

"Si mnaona? Halina kitu. Kelele zote hizi, na halina kitu."

Na kweli, kwa kitambo kidogo, nilimwona Akaale akitaka kumwamini. Ingekuwa rahisi sana. Angesema samahani, wangecheka, ningeleta chai.

Kutoka mezani simu ikapaza sauti. "Mzee, mimi ni Didace. Ni kweli anachosema. Nilifungua makasha mengi. Nilipaswa kusema kwenye kikao, nikaogopa."

Mzee Ekal alikuwa bado kwenye kiti chake, peke yake chumbani, mikono juu ya fimbo. Tulirudi ndani mmojammoja. Nilidhani ataanza na Esekon, au ataanza na kuondoka, na kama angeondoka najua Akaale angekwisha.

"Ulijua lini?" akamwuliza.

"Kabla ya Jumapili iliyopita."

"Na huyu mama alikuwa analala na hiyo kitu na watoto."

Sylviane, aliyekuwa anafunga kilemba chake upya, mikono ikamkwama kichwani. Hakuwa ameelewa mpaka hapo. Alikuja na kasha lililoharibika, mteja mwenye hasira, basi. Sasa alikuwa akilipanga upya kichwani mwake: ofisini waliposema ngoja, kitanda cha watoto, kona aliyoliweka.

"Ulijua?" akauliza taratibu. "Wewe, Mama Akaale? Batoto bangu banalala pembeni yake, na ulijua?"

"Nilijua."

Nilitegemea kofi. Ningekuwa mimi ningepiga. Sylviane alikaa chini, akapumua mara kadhaa, akamgeukia Mzee.

"Papa Prezida, mi si mutu wa mbuzi. Sina deni na mutu hapa. Nasema hivi: hakuna Kaikor, hakuna Kaaleng. Mama Akaale anapigia batu bote simu. Sasa hivi, hapa, tusikie bote. Na huyu," akamnyooshea Esekon kidole, "kwa mambo ya betri asipige kura tena."

Hapo ndipo niliposikia neno hapana likisemwa katika chumba changu kwa mara ya kwanza tangu bodi ile izaliwe. Mzee Ekal alimtazama Esekon, kisha simu. Uso wake ulikuwa umechoka, na sitasema alikuwa na furaha. Alikuwa mzee aliyeaibishwa, na hilo ni jambo la kutisha kulitazama.

"Naunga mkono mama," akasema hatimaye. "Esekon, tuma malori yako yakayachukue. Na wewe, Akaale, kaa. Weka simu kwa sauti. Ulifikiri unanificha aibu, sasa tutaisikia wote."

Esekon alitoka akipiga simu kwa madereva wake, bila kumwangalia mtu. Akaale akaketi. Simu ya Didace ilikatwa ili aanze kuzunguka Kakuma kwa pikipiki, nyumba kwa nyumba. Akaale akaanza kupiga.

Mwenye duka la soda alipokea, akalaani, akalitoa nje. Caritas, fundi wa cherehani, alipokea akasema lake liko sawa, akaambiwa alitoe hivyo hivyo, akalitoa. Kila simu ilipoita na kuchelewa kupokelewa, chumba kizima kilikuwa kinatazama meza. Mikono ya Akaale ilikuwa na mchanga, ikaacha alama juu ya kioo cha simu. Mkimbizi mmoja wa Kalobeyei alilitoa nje tukamsikia akiita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na hatukupumua mpaka wa mwisho alipoitika. Sylviane alikuwa anasali chinichini kwa Kifaransa. Niliacha kabisa kujifanya nahudumia, nikavuta kiti.

Tukaanza kupata nguvu. Wengi walipokea. Mzee hata aliomba maji. Nikamwona Akaale akinyoosha mgongo, na nikafikiri, haya, imepita, tumechelewa lakini imepita.

Kisha akampigia Tut, kinyozi wa Sudan Kusini aliye karibu na soko la Kakuma. Iliita sana. Alipopokea, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekuwa akiiogopa simu hiyo.

"Hallo, madam."

"Tut, ni Akaale wa makasha. Sikiliza, lile kasha letu, litoe nje sasa hivi. Usiliguse sana, lipeleke mbali na nyumba."

Tukasikia pikipiki zikipita kwake.

"Tut? Umenisikia?"

"Madam, hiyo kasha ilishika moto. Jumanne."

Nilimtazama Akaale nikaona anahesabu, na sote tulikuwa tunahesabu naye. Jumanne ilikuwa baada ya Jumapili.

"Duka imekwisha," Tut akaendelea. "Mke wangu Athieng alikuwa ndani, ameungua mikono yote mbili na hapa kwa shingo. Iko hospitali. Mimi nilifikiria ni makosa yangu, niliweka vibaya, ama nilichaji vibaya. Nikaogopa kuambia nyinyi."

Mzee Ekal alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Simu ikakwaruza, kisha sauti ya Tut ikarudi, ya upole, yenye haraka ya kumalizana na jambo kabla mtu hajamkasirikia.

"Samahani sana, madam. Usiniitie polisi. Kasha yenu nitalipa, pole pole."